Mkuu wa Chuo Akisoma Ripoti Yake, Mdhamini Mwanafunzi Asikilize Nini?

Swali: "Mimi natoka Kigoma, nasoma katika chuo cha jamii kusini mwa California. Mwaka huu wanafunzi wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao kwenye bodi ya wadhamini. Kila mwezi mkuu wa chuo huleta taarifa yake: kurasa kumi na kitu, picha za mahafali, asilimia zinazopanda, halafu vifupisho nisivyovijua. Wajumbe wanamshukuru, mwenyekiti anaita ajenda inayofuata, basi. Sijawahi kufungua mdomo. Naogopa kuonekana sina adabu mbele ya mtu mzima, na hata nikiamua kuuliza sijui niulize nini. Ripoti ile inasomwaje? Na mimi nisiye na kura nina kazi gani pale?"

Jibu:

Dada yangu, hongera kwa kuchaguliwa. Nianze na hilo la kura, maana naona ndilo linalokufunga mdomo.

Ni kweli kura yako haihesabiwi. Lakini kifungu cha 72023.5 cha Sheria ya Elimu ya California, kinachotaka bodi za vyuo vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili) ziwe na mwanafunzi ndani yake, hakikukuweka pale kama pambo. Kinasema ukae pamoja na wajumbe wengine, utambuliwe kama mjumbe kamili kikaoni, upewe makabrasha wanayopewa wao isipokuwa yale ya kikao cha faragha, uulize maswali na ushiriki mjadala. Zaidi ya hapo, kila mwaka kabla ya Mei 15 bodi huamua kama itakuongezea haki nyingine: kutoa hoja, kuunga mkono hoja, kupiga kura ya ushauri, kulipwa posho. Mwombe katibu wa bodi akupe uamuzi wa mwaka huu. Wanafunzi wengi hushika nafasi hii mwaka mzima na kuiachia bila kujua kwamba waliruhusiwa kutoa hoja.

Sasa kwa nini wenzako wanashukuru tu na kupita? Sababu moja ni ya kisheria. California ina Sheria ya Brown ya 1953 inayotawala mikutano ya bodi za umma. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, na jambo lisilokuwamo kwenye ajenda bodi hairuhusiwi kulijadili wala kuliamua. Ripoti ya mkuu wa chuo kwa kawaida huingizwa kama taarifa tu. Mwenzako akianza kubishana juu ya kila kilichotajwa mle, mwanasheria wa chuo atakohoa. Kinachoruhusiwa ni kuuliza ufafanuzi, kumwomba mkuu wa chuo arudi na maelezo zaidi, au kuiomba bodi iagize jambo fulani liwekwe kwenye ajenda ya kikao kingine. Mlango wako uko hapo, na ni mpana kuliko unavyoonekana, kwa sababu jambo likishaingia kwenye ajenda linaandikiwa ripoti, linawekewa takwimu, na wananchi wanaweza kuja kulisemea. (Sababu nyingine ya ukimya ule ni uvivu wa kusoma makabrasha. Hiyo nayo ipo.)

Jambo la pili la kushika: bodi ina mwajiriwa mmoja tu inayemwajiri, kumpima na kumwachisha moja kwa moja, naye ndiye huyo anayesoma ripoti. Kama wilaya yenu (nasema wilaya ya chuo, eneo lenye bodi yake, si wilaya ya serikali kama za kwetu) ina vyuo zaidi ya kimoja, mtu huyo ni chansela wa wilaya na wakuu wa vyuo wako chini yake. Kwa hiyo ripoti ni maelezo ya mtu kuhusu kazi yake, kwa watu watakaompima kwa kazi hiyohiyo. Nimefanya kazi katika ofisi ya bajeti ya chuo kama chako, na taarifa za namna hii zimepita mezani kwangu zikiwa bado rasimu. Uongo sikuuona. Nilichokiona ni uchaguzi: tarakimu ipi itangulie, mwaka upi uwe wa kulinganishia, lipi lisubiri mwezi ujao. Ukisoma ripoti, soma uchaguzi huo.

Picha za mahafali zifurahie, halafu geuza ukurasa. Nenda kwenye uandikishaji.

Ripoti itasema, tuseme, uandikishaji umepanda asilimia 7. Swali la kwanza ni asilimia 7 ya nini, maana kuna idadi ya vichwa na kuna FTES. Kichwa ni mtu: mama aliyechukua darasa moja la Kiingereza jioni ni kichwa kimoja, sawa na kijana anayesoma kutwa. FTES, kwa kirefu "full-time equivalent students", yaani wanafunzi wakihesabiwa kama wote wanasoma kutwa, ni saa. Saa 525 za kufundishwa ni FTES moja, haijalishi ni za mtu mmoja au za watu kumi. Darasa la wanafunzi 30 linalokutana saa 3 kwa wiki kwa wiki 17 na nusu linatoa saa 1,575, yaani FTES 3 kamili. Jimbo hulipa kwa FTES, kwa kiwango cha msingi kinachozidi kidogo dola 5,000 kwa kozi za kawaida za yuniti, yaani zile zinazohesabiwa kuelekea kuhitimu. Darasa hilo basi linaingiza kama dola 15,000 na ushee. Likiwa na wanafunzi 12 linaingiza kama 6,000, na mwalimu analipwa vilevile. Ukishajua hesabu hii utaelewa kwa nini darasa, tuseme la pili la kemia, lilifutwa wiki moja kabla ya muhula, na pia utaweza kuuliza lilifutwa kwa kigezo gani, kwa sababu darasa dogo la mwisho linalomwezesha muuguzi kuhitimu si sawa na darasa dogo ambalo lina ndugu zake watano wa kozi hiyohiyo.

Vichwa vinaweza kupanda huku FTES zikishuka, kama watu wengi wanachukua kozi chache chache. Ripoti ikikupa vichwa peke yake, omba FTES. Kila chuo huzipeleka jimboni katika ripoti inayoitwa 320, mara tatu kwa mwaka: Januari, Aprili na Julai. Hakuna siri hapo.

Halafu uliza juu ya kiangazi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na muhula wa kiangazi unaovuka tarehe hiyo chuo kinaruhusiwa kuuhesabu mwaka unaokwisha au mwaka unaoanza. Ni halali kabisa na karibu kila wilaya imewahi kufanya. Lakini chuo kikivuta FTES za kiangazi kurudi nyuma, mwaka uliopita unaonekana mnono na mwaka ujao unaanza na deni. Nimeona chuo kikipongezwa kwa ukuaji ambao kwa kweli ulikuwa ni Julai iliyohamishwa. Swali ni fupi: "Katika ongezeko hili, kiasi gani ni kiangazi kilichohamishwa?" Mkurugenzi wa fedha atakutazama kwa heshima mpya.

Na mwaka wa kulinganishia je? Vyuo vya jamii vya California vilipoteza wanafunzi wengi sana wakati wa korona. Asilimia inayopanda kutoka shimoni inavutia kila mwaka hata kama bado mtu hajafika usawa wa ardhi. Omba mwaka wa 2018–19 uwekwe kando ya takwimu za sasa.

Hapa kwenye uandikishaji kuna jambo ambalo wewe unalijua kuliko mjumbe yeyote mwenye kura. Sisi Watanzania tunawajua watumishi hewa. California ina wanafunzi hewa. Tangu 2021 limekuwa tatizo la wazi: matapeli wanajaza maombi mtandaoni kwa majina ya kubuni au ya kuiba, wanajiandikisha kwenye madarasa ya mtandaoni, wanasubiri fedha za msaada zitoke, kisha wanapotea. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, pekee inafika hadi dola 7,395 kwa mwaka, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Mwanafunzi wa kweli anaambiwa darasa limejaa, kumbe nusu ya waliolijaza hawapo duniani. Wanafunzi wenzako wamekueleza mambo haya kwenye foleni ya mkahawa. Bodi inayapata yakiwa yameshapigwa pasi. Uliza wangapi waliondolewa kabla ya siku ya sensa, ile siku ya kuhesabu inayofika wakati muhula umekwenda kama asilimia 20, na wangapi waligunduliwa baada yake. Waliogunduliwa baada yake wanaweza kuwa wamelipwa, na FTES zao zilishaingizwa kwenye hesabu.

Tuje kwenye fedha. Tangu 2018 jimbo linagawa fedha kwa kanuni ya mafungu matatu: takriban asilimia 70 kwa uandikishaji, 20 kwa idadi ya wanafunzi wenye kipato kidogo wanaopata misaada, na 10 kwa matokeo kama vile kuhitimu, kuhamia chuo kikuu, au kumaliza hesabu na Kiingereza cha ngazi ya kuhamia katika mwaka wa kwanza. Fungu la 20 ndilo linalotugusa sisi wahamiaji. Linahesabu wanaopata Pell na wanaosamehewa ada, ile ya dola 46 kwa yuniti. Mwanafunzi mwenye sifa ambaye hakujaza fomu kwa sababu maelezo hakuyaelewa anakosa yeye, na chuo nacho kinakosa. Ukiisema hivyo mbele ya bodi, ombi lako la kuwa na mtu anayezungumza Kiswahili kwenye dawati la misaada litasikika kama suala la mapato, na masuala ya mapato yana tabia ya kujibiwa haraka.

Kuna ujanja mmoja wa kanuni hiyo unaowapoteza hata wajumbe wazoefu: FTES za kozi za kawaida zinahesabiwa kwa wastani wa miaka mitatu. Chuo kinachopoteza wanafunzi leo hakisikii pigo lote leo, linakifuata taratibu. Ripoti inaweza kusema "hali ya fedha ni imara" na ikawa kweli, huku miaka miwili ijayo ikiwa imeshaandikwa. Ongeza kwamba wilaya ambazo hesabu zao zilishuka zilikuwa na kinga ya mapato, yaani ahadi ya jimbo kwamba fedha zao hazitashuka chini ya kiwango fulani, na kuanzia mwaka wa fedha 2025–26 kinga hiyo imebaki kwenye kiwango cha 2024–25 bila nyongeza ya mfumuko wa bei. Mishahara haitasimama kuisubiri, wala bima, wala mchango wa mwajiri kwenye pensheni ya walimu, ambao peke yake ni asilimia 19.1 ya mshahara. Uliza kama wilaya yenu iko ndani ya kinga hiyo, na kama iko, mpango wa kutoka ni upi. Kama ningeruhusiwa swali moja tu kwa mwaka mzima, ningeuliza hilo.

Akiba nayo ina historia. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilichotajwa California kilikuwa asilimia 5 ya matumizi. Mwaka 2022 ofisi ya chansela wa jimbo, inayosimamia vyuo vya jamii vyote vya California, ikaanza kuhimiza akiba ya miezi miwili ya matumizi, ambayo ni kama asilimia 16 au 17. Chuo chenye asilimia 8 kitakwambia kimevuka kiwango. Kiwango kipi? Akiba kubwa mno nayo ina maswali yake, maana ni fedha za wanafunzi wa leo zilizolala benki. Hapo wajumbe wana haki ya kutofautiana, na mimi mwenyewe naegemea upande wa kuweka, kwa sababu nimeona jinsi serikali ya jimbo inavyochelewesha malipo mambo yakiharibika.

Ukitaka kupigania washauri zaidi wa wanafunzi, kwanza jua sheria ya asilimia 50. Inataka angalau nusu ya gharama za kuendesha elimu iende kwenye mishahara ya walimu wa darasani. Mshauri wa masomo hahesabiwi upande huo, wala mkutubi. Kila mshauri anayeajiriwa anasogeza mizani upande usiotakiwa. Mkuu wa chuo akikujibu kwa upole kwamba "tunaliangalia," huenda ndilo linalomkwamisha, wala si kwamba hawajali. Muulize asilimia yao iko wapi mwaka huu. Ndipo utajua nafasi iliyobaki ni ya washauri wangapi.

Nimekaa sana kwenye fedha. Ithibati nitaipitia kwa ufupi, ingawa ndiyo inayoweza kukifunga chuo, kwa sababu bila ithibati hakuna misaada ya serikali kuu na yuniti zako hazihamishiki kirahisi. Tume inayotoa ithibati hiyo ni ACCJC. Ripoti za wakuu wa vyuo huitaja kwa sentensi moja ya kuridhisha: ziara imekwenda vizuri, mapendekezo yamepokelewa. Omba kuyasoma mapendekezo yenyewe. Mwaka 2012 tume hiyo ilikitaka Chuo cha Jiji la San Francisco kieleze kwa nini kisinyang'anywe ithibati, na 2013 ikatangaza kwamba kitanyang'anywa. Malalamiko makubwa hayakuwa juu ya ufundishaji, yalikuwa juu ya uongozi, mipango na fedha. Bodi iliyochaguliwa na wakazi ikavuliwa madaraka, akawekwa mdhamini maalumu. Jiji likaenda mahakamani, ithibati haikukatika, na Januari 2017 ikathibitishwa kwa miaka saba, lakini maelfu ya wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Hali ya Chuo cha Compton ilikuwa mbaya zaidi. Jimbo lilitwaa madaraka ya bodi yake mwaka 2004, chuo kikapoteza ithibati, na kuanzia 2006 kikaendeshwa kama tawi la jirani yake El Camino. Ithibati ilirudi 2017, uhuru wake kamili 2019. Wanafunzi walioanza kusoma mwanzoni mwa mgogoro huo walikuwa na watoto shuleni ulipokwisha.

Baada ya hayo, fungua ripoti ya mwezi huuhuu ya mwaka jana na uiweke kando ya hii mpya. Ni kazi ya nusu saa, na sijaona mjumbe aliyejuta kuifanya. Tuseme mwaka jana waliahidi mfumo wa kuwatambua wanafunzi hewa uwe tayari Oktoba. Mwaka huu haumo kabisa. Mwaka jana walitaja walimu wa muda kwa idadi, mwaka huu wanatajwa kwa sifa. Kichwa cha habari kilichopotea mara nyingi kinasema zaidi ya kilichobaki.

Nije kwenye adabu, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko FTES. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima hahojiwi hadharani, na sikushauri uyatupe malezi yako baharini. Bahati nzuri, watu wa bodi za Marekani wana kanuni yao inayokutana na yetu: mkuu wa chuo hashtukizwi kikaoni. Siku mbili tatu kabla, ajenda ikishabandikwa, mwandikie barua pepe, umwite kwa cheo chake, umwambie: "Nimesoma ripoti yako. Kikaoni nitaomba ufafanuzi juu ya FTES za kiangazi na juu ya wanafunzi waliogunduliwa baada ya siku ya sensa. Nimeona nikujulishe mapema ili watumishi wako wapate muda wa kuandaa takwimu." Hapo umemheshimu, na umemnyima pia nafasi ya kusema kwamba takwimu hazipo karibu. Siku yenyewe uliza kwa sauti, hata kama alikujibu kwa barua pepe, ili jibu lisikike na wananchi waliokuja au wanaofuatilia. Likiwa halitoshi, usibishane. Sema: "Naomba bodi iagize jambo hili liletwe kwenye ajenda ya mwezi ujao," kisha mtazame mwenyekiti. Atahitaji mjumbe mwenye kura wa kukuunga mkono. Mtafute mapema, mmoja.

Nasema mmoja kwa makusudi. Najua silika yetu ni kufungua kundi la WhatsApp la wajumbe wote. Usifanye hivyo. Sheria ya Brown inakataza wajumbe walio wengi kulizungumza jambo la bodi nje ya kikao, hata kwa kupitishiana ujumbe mmoja baada ya mwingine, na kundi la simu ni njia ya haraka ya kuivunja. Kuna wajumbe wazee, waliokaa vipindi vitatu vinne, walioingia matatani kwa jambo dogo kama hilo. Zungumza na mkuu wa chuo, zungumza na mjumbe mmoja unayemwamini, na wanafunzi wenzako waalike waje kusema wenyewe wakati wa maoni ya umma. Wanafunzi wawili wanaosema walivyokosa darasa la kemia wana uzito ambao ripoti ya kurasa kumi na mbili haina.

Vyuo hivi vilianza kama nyongeza ya shule za sekondari; kile cha kwanza California kilifunguliwa Fresno mwaka 1910 ndani ya shule ya sekondari. Wadhamini bado huchaguliwa na wakazi wa wilaya, kama bodi ya shule. Wengi wao ni wafanyabiashara, walimu wastaafu, mawakili. Hawakai darasani kwenu, hawapangi foleni ya misaada, na wanayojua kuhusu maisha ya mwanafunzi wanayapata kwenye ripoti ileile unayoisoma wewe.

Bajeti kamili lazima ipitishwe kabla ya Septemba 15. Kabla ya kikao hicho, mwombe katibu wa bodi ripoti ya 320 ya Julai na ile ya fedha ya robo mwaka inayoitwa 311Q, zote mbili ni nyaraka za umma. Jumuiya ya vyuo vya jamii vya California huendesha warsha ya wadhamini wanafunzi, kwa kawaida Agosti; ombeni chuo kikulipie nauli. Na swali lako la kwanza kikaoni liwe lile la kinga ya mapato. Ukiona wajumbe wawili wanageuka kumtazama mkurugenzi wa fedha badala ya kukutazama wewe, niandikie tena, tutaendelea kutoka hapo.